Mkwe Nyuma ya Pazia

Hosteli ya Wauguzi,
Kakamega.
6 Machi 1994

Kwa Senge wangu Dorothy,

Pokea salamu za mtoto wa kaka yako, ambaye mwili wake uko salama ila tumbo linaulizia obusuma, ule ugali wako. Goti lako linaendeleaje? Na miwa, mmekatiwa au bado mnangoja?

Masomo yanaenda. Mwezi ujao tuna mtihani wa vitendo: unapewa mgonjwa, unampima kuanzia utosini hadi kucha za miguu huku Sista Nasambu, mwalimu wetu, amesimama na kalamu. Joto, mapigo ya moyo, pumzi, presha. Pumzi ndiyo ina ujanja. Mgonjwa akijua unaihesabu anapumua kama mtu anayepigwa picha, kwa hiyo unaendelea kumshika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, kumbe macho yako yako kifuani. Halafu inakuja ngozi. Sista Nasambu hutuambia kwamba usipofunua hujaangalia.

Sasa nikueleze jambo lililonishtua, bila kutaja jina kwa sababu sheria yetu hairuhusu. Kuna mama mmoja aliletwa na malaria kali. Homa ilipokuwa juu ni mimi niliyekuwa nikimkanda kwa maji, akanizoea, ananiita daktari. Juzi, homa imeshuka, nilimwomba ruhusa nimpime mwili wote kama mazoezi, mwenzangu Jeruto akiwa nasi nyuma ya pazia. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Nilipofika kifuani akakishikilia kitambaa alichojifunga chini ya gauni. Nikangoja. Mwishowe akakifungua mwenyewe.

Senge, nikaona kilichofichwa. Ngozi ya ziwa la kushoto imekunjamana kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani, na chini yake kuna kidonda kilichojazwa majani yaliyopondwa. Harufu ilimshinda Jeruto, akatoka. Mimi nilibaki kwa sababu mtu haachwi amefunuliwa, usidhani ni ujasiri. Yule mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, hii kitu nimeficha mwaka mzima. Hata bwanangu hajui. Usiambie watu wangu."

Nilimwosha, nikamfunga bandeji safi, nikamwita Sista. Tunahofia ni saratani. Daktari wa upasuaji anakuja wiki ijayo, na mama amekubali kumngoja, mradi kidonda nikioshe mimi.

Ukipata mtu wa kwenda Malava, anisalimie mchumba wangu Beverly. Mwambie harusi ya Agosti haiko mbali, na suti nimeshaiona dukani.

Mimi mwana wako,
Osiako


Musanda.
13 Machi 1994

Osiako mwanangu,

Barua yako imefika, imesomwa, na imelowa chai kidogo. Sisi tuko. Goti linauma mvua ikitaka kunyesha na linatulia ikishanyesha, basi majirani wanakuja kuniuliza kama waanike mahindi. Miwa bado imesimama. Wewe kula, usije ukafika kwa wakwe umekonda wakadhani tuna njaa.

Huyo mama nimemhurumia sana. Lakini nawe, mwanaume mzima kuosha wanawake! Nilipowasomea akina mama wa kanisani kipande kile cha kukanda maji, walicheka hadi Nabwire akashika mbavu. Nyamaza, nakutania. Baba yako angekuwa hai angejivuna.

Sasa nisikilize, kwa kuwa mama yako aliondoka kabla ya kukufundisha haya. Wale ng'ombe wetu wawili wa mahari walipofika Malava mwezi uliopita walipokelewa vizuri sana. Mkwe wako, mama yake Beverly, hakutoka jikoni, kama inavyotakiwa, ila alituletea ingokho, kuku mzima, na wajomba zako wakammaliza na mifupa. Huyo ni mwanamke wa heshima, nawe umheshimu. Mkwe haonwi ovyo. Ukikutana naye njiani, ingia kwenye miwa mpaka apite. Humshiki mkono, huketi alipoketi, na jina lake hulitaji. Ndiyo maana mimi sijakuambia anaitwa nani, wala usiniulize. Naye anakujua kwa jina la Osiako wa Musanda, basi. Yakitokea ya kuonana miili, hiyo ndoa imekufa kabla haijazaliwa.

Beverly mzima, bado anafundisha watoto wa chekechea kule Malava. Nilimwona sokoni ananunua kitambaa cheupe, akakificha aliponiona. Hawa wasichana wanadhani sisi hatukuwahi kuwa wasichana.

Senge wako,
Dorothy


Hosteli ya Wauguzi,
Kakamega.
16 Machi 1994

Senge,

Natumaini u mzima. Mimi si mgonjwa, ila naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikacheka mahali pa kujificha kwenye miwa. Mchana, saa ya kutembelea wagonjwa, nilikuwa namwosha yule mama kidonda na pazia halikufungwa vizuri. Nikasikia chupa ya uji inaanguka nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa Beverly.

Nilidhani amekuja kuniona mimi, maana siku zote uji wa yule mama uliletwa na jirani. Nikatabasamu, Senge. Nilitabasamu na pamba iko mkononi. Yeye hakunitazama, alimtazama mama kitandani akasema, "Mama, huyu ni Osiako."

Hapa chuoni naitwa Elkanah, jina la ubatizo, na ndilo liko kwenye beji. Kadi yake imeandikwa Pascalia, jina ambalo hakuna mtu amewahi kulitamka mbele yangu. Nilikuwa nikimwita hivyo kila asubuhi, "Mama Pascalia, umeamkaje?" Nimemshika mkwe wangu mkono kila siku nikimpima mapigo. Nimeona kifua chake. Kila ulichonikataza kwenye barua nilikuwa nimeshakifanya kabla barua haijafika.

Alivuta shuka akajifunika uso. Hakulia, ila kitanda kilikuwa kinatetemeka. Nami badala ya kumfunga bandeji nilikimbia, nikapita katikati ya wodi na glavu zangu, watu wananitazama. Niliporudi na Sista Nasambu kitanda kilikuwa kitupu, gauni la hospitali limekunjwa vizuri juu ya mto. Beverly naye hayupo. Daktari wa upasuaji anafika kesho.

Beverly hajui habari ya kidonda. Mgongo wangu ulikificha, aliona aibu tu. Ndoa najua imeumia, na nikiwaza hivyo moyo unaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini Senge, mama huyu asipotibiwa atakufa. Nimeomba nihamishiwe wodi ya wanaume ili arudi asinikute. Nakuomba, na goti lako hilo, nenda Malava umwambie. Najua sheria yetu ya uuguzi hainiruhusu kukutuma. Sina mwingine wa kumtuma.

Mwana wako,
Osiako


Musanda.
2 Aprili 1994

Mwanangu Osiako,

Uhali gani? Mimi mwili mzima, moyo ndio umekaa vibaya. Barua yako niliisoma nikaketi chini pale pale kwenye majani ya posta. Nabwire alidhani nimepokea habari ya msiba. Siku hizo nilikuwa nikipika nasahau kuweka chumvi.

Nimekwenda Malava. Wazee wa pande zote walikuwa wameshakutana, kwa kuwa Beverly alipofika nyumbani alilia na yakajulikana. Hawakugombana. Walisema ni bahati mbaya, achinjwe kondoo, mkwe apewe blanketi, na yaliyopita yafunikwe. Baba mkwe wako, mzee Shitanda, alikubali. Nikafurahi. Nikaomba kumwona mama, tukaenda nyuma ya nyumba, sisi wawili.

Nilimwambia kilichonileta. Hakukataa kwamba anaumwa. Nilimwambia umehamia wodi ya wanaume, hatakukuta. Akaniuliza, sasa nani ataosha? Nikasema wako wasichana wengi pale, wamesoma. Ndipo akanieleza. Mwaka jana kidonda kikiwa kidogo alikwenda zahanati moja, siitaji, muuguzi akaziba pua, kisha akawaita wenzake waje watazame. Wakasimama mlangoni. Alifunga nguo akatoka na hajarudi tena kwa yeyote hadi malaria ilipomwangusha.

Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Huyo kijana wenu alikuwanga ananiosha kama anaosha mtoto. Kama si yeye, mwingine sitaki. Na yeye hawezi kuwa, yeye ni mkwe. Kondoo atafunika ile ya jana. Ile ya kunifunua kila siku tutafunika na nini?"

Harufu niliisikia pale tulipoketi, na sikuziba pua, lakini nilitamani.

Nilimuaga Beverly barabarani, nikamwambia yote. Wewe ulikatazwa kusema, mimi sikumwapia mtu. Aliegemea mwembe wa watu. Niliondoka nikamwacha hapo.

Senge wako


Hosteli ya Wauguzi,
Kakamega.
9 Aprili 1994

Senge mpendwa,

Salamu za Pasaka, ingawa zimechelewa, na pole kwa safari. Afya ninayo.

Nilifaulu mtihani. Nilipewa mzee mmoja mwenye kikohozi, nikampima mwili wote, na nilipofika kwenye ngozi Sista Nasambu akaona machozi, akageukia dirishani mpaka nikamaliza. Hakunikata alama.

Daktari aliuliza habari za yule mama. Alisema kinachowezekana mwezi huu huenda kisiwezekane mwezi wa sita. Nimemwandikia Beverly mara mbili. Hajibu. Nilifikiri kwenda Malava mwenyewe, lakini nikifika mama atakimbilia shambani, na atakuwa na haki.

Nashindwa kuelewa, Senge. Mkono ule ule ndio anaoutaka na ndio anaoukimbia. Niambie la kufanya. Wewe hujawahi kukosa la kuniambia.

Mwana wako,
Osiako


Musanda.
21 Aprili 1994

Osiako mwanangu,

Keti kwanza ndipo usome. Natumaini mwili wako ni mzima, kwa maana habari hii itauhitaji.

Jana asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikasikia kwato njiani. Nikainua kichwa nikaona ng'ombe wawili, yule mwekundu na yule wa paji jeupe. Ni wale wetu. Ufagio ulianguka. Nilijua mkwe amekufa. Nilianza kupiga nduru, Nabwire akatoka mbio akaungana nami, na kumbe anayeswaga ni Beverly, na nduguye Onesmus amekuja naye, na hakuna aliyekufa. Nilinyamaza nikiwa nimefungua mdomo.

Unajua maana ya ng'ombe kurudi: ndoa imevunjwa. Nilimuuliza ni tusi gani tumewatukana. Aliwafunga mwenyewe, akapiga magoti akanisalimu kwa mikono miwili, kisha akasema, "Senge, Osiako si mkwe wetu tena. Baba amekubali. Mwambie kwamba mama anakuja hospitali Jumatatu, na yeye arudi wodi ya wanawake."

Nilisema mtoto wewe, hujui unachofanya. Akasema anajua. Nikasema mtangoja, mama apone, halafu ng'ombe watarudi Malava. Akatikisa kichwa. Mama amesema hawezi kufunua kifua mbele ya mtu atakayekuja kuwa mkwe kesho. Iwe imekwisha kabisa au haji. Beverly ndiye aliyechagua.

Nilimpa chai hakunywa. Alipoondoka nililia kama nimefiwa, kisha nikamkasirikia, kisha nikashindwa kumkasirikia. Barua zako mbili alizisoma. Alinionyesha, amezikunja ndani ya Biblia. Sikumuuliza zaidi.

Jumatatu ni siku nne tu kutoka leo. Nimempa barua hii dereva wa lori la miwa ili ikuwahi. Nenda kazini.

Senge wako,
Dorothy


Hosteli ya Wauguzi,
Kakamega.
26 Aprili 1994

Senge wangu,

Salamu. Sijui kama mimi ni mzima, usiniulize leo.

Barua yako iliniwahi Jumapili. Niliisoma mara nyingi, bado sijaamini. Nilikwenda kwa Sista Nasambu, akanirudisha wodi ya wanawake bila kuuliza.

Amekuja. Alitembea mwenyewe kutoka langoni, amekonda, kanga amejifunga hadi shingoni. Sikujua nimsalimu vipi. Yeye ndiye aliyeanza, akaninyooshea mkono, nikaushika. Nyuma ya pazia alifungua vifundo mwenyewe. Kidonda kimeongezeka. Joto liko juu kidogo, mapigo yanaenda mbio, na pumzi nilihesabu nikiwa nimeshika kiganja chake kama tulivyofundishwa, ila nilipoteza hesabu nikaanza upya. Aliniambia nisiharakishe.

Daktari atampasua Ijumaa. Haahidi kitu.

Ng'ombe uwauze au uwaweke, mimi sitaki kuwaona. Na tafadhali, usinitafutie msichana mwingine, najua tayari umemfikiria mmoja.

Saa ya kutembelea wagonjwa Beverly alikuja na uji. Aliniamkia kama mtu anavyomwamkia daktari yeyote, akaniuliza presha ya mama ni ngapi. Nikamwambia.

Mwana wako,
Osiako