Posa ya Mlangira Kasmir

Xiaobei, Guangzhou
Agosti 16, 2009

Mpendwa Shangazi Agripina,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na wote hapo nyumbani hawajambo? Mimi mzima, ila joto la huku limenikondesha mpaka jinzi za biashara ninazofuata Xintang zinanipwaya mwenyewe.

Umeniuliza kama uwapokee wazee wanaoleta posa ya Kasmir. Ngoja kwanza nikueleze huyo mlangira wako.

Mjukuu wa mkama! Ufalme wao ulifutwa kabla baba hajaoa, lakini yeye bado anaishi kama mtu anayetafutwa na maadui. Nikimkaribisha kahawa ya kutafuna, natafuna mimi kwanza kuonyesha haina sumu, kama desturi yetu. Hilo sawa. Lakini alitaka nionje na wali, na maharage, hata maji niliyoyachemsha. Nilicheka, nikaonja. Nilimpenda, Shangazi, nisikufiche. Ana sauti tamu, na akinyamaza ni mzuri zaidi.

Sasa, tangu mwaka jana polisi wa huku wanakagua pasipoti zetu mitaani na majumbani. Wanafunzi wenzake wote walikabidhi pasipoti chuoni waongezewe viza. Kasmir akagoma. Eti mtu wa damu yake hakabidhi kitu chake kwa karani! Akailalia chini ya mto mpaka viza ikaisha. Usomi wote ule.

Jumanne asubuhi polisi wakaingia jengo letu, ambamo naye amepanga. Mlangira akaja mbio chumbani kwangu na kandambili mguu mmoja. Nikamficha bafuni, nikamwambia atulie. Polisi wakaangalia pasipoti yangu, wakaiona safi. Nikawatania kwa Kichina changu cha sokoni, "Laoban, nunueni jinzi, nawapunguzia bei!" Mabosi hao wakacheka, wakageuka kuondoka.

Kasmir kusikia kicheko, akaamini nimemuuza. Akatoka bafuni mwenyewe, mikono juu. "Odilia, wamekuahidi nini?"

Hata polisi walimshangaa. Walipokuwa wanamteremsha ngazi aligeuka. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, aone nimepewa nini.

Nililia mpaka nikachoka. Juzi jirani yangu Calvin alimpelekea nguo huko anakozuiliwa akisubiri kurudishwa nyumbani. Akarudi na ujumbe: "Dada, jamaa anasema amekusamehe. Posa iendelee."

Amenisamehe, Shangazi! Mimi!

Basi wazee wakija, wapikie ndizi, waheshimu, wao hawana kosa. Kisha wakatalie. Usiseme simpendi, utakuwa umedanganya, bado namwota. Waambie namdharau, na mwanamke anayemdharau mume hana ndoa, ana mzigo. Na ukinitafutia mwingine, tafuta mtu wa kawaida tu. Wafalme wamenitosha.

Nisalimie Jovitha na wanawe, na Mjomba Humphrey. Mungu akutunze, akuponye hilo goti, akujalie maneno siku ya wageni.

Mwanao akupendaye,
Odilia