Mlio wa Jumapili

Bwera,
14 Juni 2018

Kwa mdogo wangu mpendwa Sylivia,

Nakusalimu kwa upendo wote, mtoto wa mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Naivasha, wewe na mwanao Medius, na kwamba baridi ya alfajiri mnapokata maua haijakurudishia kile kikohozi. Mimi mwili ni mzima. Magoti yanalalamika, lakini magoti yangu yanalalamika tangu tukiwa watoto kambini, umeshayazoea. Moyo ndio hauko sawa. Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungelia, na wewe ukilia mimi huwa nalegea nakubali chochote. Safari hii sitaki kulegea. Basi kaa chini, usome kwa mpangilio, na nakuomba usikimbilie mwisho.

Lile shamba la vanila aliloniachia marehemu mume wangu Kilama, hapa kilimani, limezaa mwaka huu kama ambavyo halijawahi kuzaa. Kila ua nililichavusha kwa mkono wangu, kwa kijiti, moja moja, tangu asubuhi mpaka jua linanichoma kisogo. Lakini bei imepanda hadi watu wameingiwa na wazimu. Wezi hawangoji matunda yakomae. Wanachuma mabichi, na wakiwa na haraka wanakata mmea mzima. Jirani yangu Robinah walimmalizia shamba akiwa kwenye mazishi ya mama yake. Alirudi na kilio kimoja akakuta cha pili.

Na watu wa hapa wamekasirika, Sylivia, wamekasirika vibaya. Mwezi wa nne walimkamata kijana mmoja na gunia. Hakufika polisi. Nilipita pale baadaye, nikaona kilichobaki, na sikula siku ile wala iliyofuata. Tangu hapo kila mtu anajua kwamba mwizi wa vanila akishikwa hafikishwi kituoni. Kwa hiyo mimi nilikuwa na hofu mbili, ya kuibiwa, na ya kuona mtu anauawa shambani mwangu. Nikajiambia kwamba nikiwa na bunduki, mwizi ataiona, atanyoosha mikono, nami nitampeleka kwa polisi akiwa hai. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi mwerevu.

Niliinunua kwa Daktari Nabasa wa Kitswamba, yule daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye alikuwa akiitumia kwa fisi na mbwa wenye kichaa. Kibali kilinitoa jasho. Tangu yale mapigano ya mwaka juzi, jeshi lilipovamia ikulu ya mfalme, raia wa Kasese akitaja bunduki anatazamwa mara mbili. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Yowasi, aliniandikia barua ya kunithibitisha, kisha afande mmoja mjini akaniuliza mwanamke anataka bunduki ya nini. Nikamjibu kwamba wezi nao hawajawahi kuuliza kama shamba ni la mwanamke. Akacheka, akagonga muhuri.

Si SMG kama zile za kambini, baba alipokuwa askari. Hii ni ya zamani, kitako chake cha mbao, na chini ya triga ina wenzo wa chuma uliopinda kama mkono wa kikombe. Unausukuma mbele, unaurudisha, ganda la risasi linaruka nje na risasi nyingine inapanda. Baba angeicheka, angesema nimenunua cherehani.

Aliyenipeleka Kitswamba kuijaribu ni Tonny mumeo, kwa bodaboda yake. Tuliweka jerikani la njano kwenye ukuta wa shimo la kuchimbia mchanga. Risasi ya kwanza mpaka leo sijui ilikwenda wapi. Kitako kilinipiga bega nikaona nyota mchana, na Daktari akanikaripia kwamba nilikuwa nimefumba macho yote mawili. Ya pili ikatoboa jerikani. Wee! Nikapiga vigelegele peke yangu. Nakuambia ukweli, nilifurahi mno, mpaka nikaona haya. Tonny naye akaomba ajaribu, akakosa, akaomba tena, akakosa tena, akasema bunduki hiyo inampenda shemeji peke yake. Tukirudi tulinunua samaki wa Kasenyi, na njia nzima alikuwa akinitania kwamba sasa hakuna mwanamume wa Bwera atakayethubutu kunichumbia.

Mzee Yowasi hakutaka mlio uwashtue watu wakadhani vita vimerudi. Akatangaza kwa kipaza sauti cha kijiji, na Jumamosi jioni nikapiga risasi moja kwenye ukingo wa udongo mbele ya watu wote, ili waijue sauti yake. Hapo ndipo tukakubaliana kwamba kuanzia siku ile, mlio huo ukisikika, ujue mwizi yuko kwa Lamwaka, kila mtu aache alichoshika aje mbio. Nami nikaitikia. Ala! Niliitikia mimi mwenyewe, niliyesema sitaki mtu auawe shambani mwangu. Watu walinipigia makofi, na makofi yakanilevya.

Wezi wanapenda saa za ibada, wakati nyumba zote ni tupu. Yowasi akanishauri nieneze habari kwamba Jumapili nitakuwa mbele kanisani pamoja na akina mama, kisha nibaki nyumbani kimyakimya. Nikamwambia kila niliyekutana naye. Nikamwambia hata Tonny kwa simu.

Basi Jumapili hiyo iliyopita nilijikalia chini ya migomba, bunduki mapajani. Ng'ambo ya bonde nilisikia watu wakiimba. Mikono ilikuwa inatoa jasho, naifuta kwenye gauni, inatoa tena. Nilikuwa nimeanza kuomba asije mtu. Ndipo nikasikia matunda yanachumwa, harakaharaka, na majani yakichanika. Nikainuka. Alikuwa mwanamume, kanipa mgongo, kofia kichwani na skafu imefunika uso, gunia begani limeshaanza kutuna.

Nikamwamuru kwa Kiswahili cha baba asimame na mikono iwe juu. Hakusimama. Aliruka mfereji, akakimbia kuteremka. Nilikuwa nimejiahidi kwamba ikifika hapo nitapiga hewani. Sylivia, sikupiga hewani. Nilimwona anakimbia na mwaka wangu mzima begani, hasira ikanipanda mpaka machoni, nikalenga mtu, nikafyatua. Akaanguka.

Nilipomfikia skafu ilikuwa imemtoka. Alikuwa Tonny. Mumeo Tonny.

Ile ajali ya bodaboda aliyokusimulia kwenye simu haikutokea. Mguu ule niliutoboa mimi, chini ya goti, nyama ya nyuma. Mfupa haukuguswa. Alinishika gauni akaniita dada, akaniomba nisimwache auawe. Na kanisani, mdogo wangu, kuimba kulikatika katikati ya wimbo. Nikasikia kelele zinateremka bondeni kuja kwangu, kama tulivyokubaliana.

Sikufikiri. Nilimburuta mferejini pamoja na gunia lake, nikamfunika majani makavu ya migomba, nikasimama mbele yake. Nikasukuma wenzo, risasi nyingine ikapanda, na ninakiri sikujua nilikuwa namwekea nani. Wakafika na mapanga na marungu, wengine bado wamevaa nguo nyeupe za kwaya, hata Robinah, ambaye huwa hawezi kuchinja kuku. Wakauliza yuko wapi. Nikawaonyesha njia ya chini, ya kwenda barabara kuu, nikasema amekimbilia huko na gunia. Wakapita mbio, mmoja akakanyaga majani hatua moja tu kutoka kichwani pa Tonny. Nikamshukuru Mungu. Nilidhani nimeokoa mtu.

Barabarani kulikuwa na mtu anaitwa Semakula, anayechuuza chumvi ya Katwe kwa baiskeli. Alikuwa na gunia. Alipoona kundi la watu na mapanga linamjia, akafanya jambo ambalo hata mimi na wewe tungefanya, akatupa baiskeli, akakimbia. Kukimbia kwake kukawa ushahidi. Polisi waliwahi, ndiyo maana yu hai, lakini taya limevunjika na mkono pia. Gunia lilikuwa la chumvi tupu. Wakasema vanila ameitupa mtoni.

Jana nilikwenda kumwona hospitalini. Mguu wake umefungwa pingu kwenye kitanda. Hawezi kusema neno, taya limefungwa, anatoa macho tu. Mkewe, Hamidah, alikuwa akimnywesha uji kwa mrija. Aliposikia mimi ndiye mwenye shamba, aliweka kikombe chini akanipigia magoti kunisalimu. Akanishukuru, Sylivia! Alinishukuru kwa moyo wangu, eti mwenye mali kuja kumwona aliyemwibia si jambo dogo. Akaniomba nimwombee msamaha kwa wanakijiji, maana hajui ni shetani gani aliyemwingia mumewe. Hata yeye ameamini. Semakula alikuwa anamsikiliza mkewe akisema hayo, hawezi kumkanusha, machozi yanaingia masikioni. 

Tonny yuko hapa kwangu, chumba cha nyuma. Daktari Nabasa alikuja na pikapu yake kumsafisha kidonda, akafanya kazi bila kuuliza, nami nikamweleza yote. Kwa nini Tonny aliiba, hilo akueleze mwenyewe. Mimi ameniambia wenzake walimtia tamaa, na sikutaka kusikia zaidi. Anachotaka ni nimpe siku chache tu aweze kukanyaga, avuke mpaka pale Mpondwe, apotelee Kongo. Anasema nikilitaja jina lake nitakuwa nimekufanya mjane. Amelisema hilo kila siku, na kila siku limenichoma. Nimemwahidi nitangoja.

Nimemdanganya. Kesho alfajiri Daktari anakuja na pikapu. Tonny anajua anapelekwa Kasese kwa daktari wa watu. Nitapanda naye, na bunduki, na tutasimama kwenye kituo kikuu cha polisi mjini, mbali na watu wa hapa, wasiweze kumfikia. Nitataja jina lake, kisha langu, nami nitasema nani aliwaelekeza watu barabarani. Wakitaka kunifunga na mimi, wanifunge. Akivuka mpaka, Semakula amekwisha, na mimi nitakuwa nimemmaliza kwa kidole nilichowaonyeshea njia.

Barua hii naipa kondakta wa basi jioni hii. Utakapoisoma, nitakuwa nimeshafanya. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua ungesema nini, na ningekutii. Nilimficha kwa ajili yako tu, kwa sababu nilikuona wewe na mtoto. Ukitaka kunichukia, nichukie, ninastahili. Lakini nakusihi usimfundishe Medius kunichukia kabla hajafika umri wa kunisikiliza mwenyewe.

Nibusie huyo mtoto mashavu yote mawili. Wasalimie wenzako wa shamba la maua, hasa yule mama anayekupikia chai unapoumwa. Mungu akulinde popote utakapokuwa ukimaliza ukurasa huu.

Sasa hivi Tonny ameniita kutoka chumbani kuuliza ninamwandikia nani muda wote huu. Nimemwambia nakuandikia wewe. Amefurahi. Amesema nisisahau kuandika kwamba anakusalimu sana, na kwamba mguu unaendelea vizuri.

Ni mimi dada yako,
Lamwaka