Damu Iliyotakata

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Maabara tangu saa moja. Malaria, minyoo, malaria. Sabuni hakuna. Mchana kaka Wambura kafika kutoka Butiama, mama kamsindikiza. Watalala kwangu, mtaa wa Mwisenge. Vinundu vyake vya viwiko vimekua, na sasa kisigino nacho kina uvimbe. Baba alikuwa navyo. Alianguka shambani akafa, akiwa na miaka thelathini na minane. Wambura ana thelathini na sita. Naogopa.

Jumanne, 5 Agosti
Daktari anahisi ni kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, ya kurithi. Seli za ini zina milango ya kuingizia kolesteroli kutoka kwenye damu. Zikishiba, huzima vinasaba vya kuitengeneza. Kinasaba cha milango kikiwa kibovu, milango inakuwa michache. Damu inafurika, seli zinajiona zina njaa, zinatengeneza nyingine.
Nikamtoa Wambura damu, nikaizungusha kwenye mashine. Maji ya damu yaliyobaki juu meupe kama maziwa. Kumbe mama kamnywesha chai ya maziwa na samli alfajiri.
"Sisi hatutokagi nyumbani na tumbo tupu," mama akasema.
Nimekasirika. Sikumwonya kwamba kipimo hutaka mtu asile, kosa langu.

Jumatano, 6 Agosti
Leo hajala. Maji yametakata kabisa. Nikamwambia mama: mzima. Akalia kwa furaha. Wamepitia maduka ya Mukendo kununua kopo la mafuta ya kupikia, wakaenda zao. Sampuli nimeituma Mwanza, sisi hatuna dawa ya kipimo.

Jumamosi, 9 Agosti
Daktari kaniuliza nani kasema mzima. Samli ndiyo huchafua maji. Kolesteroli hujificha kwenye maji safi. Nilifundishwa hilo chuoni! Mjinga mimi. Sili, sikai.

Alhamisi, 21 Agosti
Majibu ya Mwanza. Juu mno.

Ijumaa, 22 Agosti
Butiama. Nimemkuta Wambura anabeba mawe ya msingi wa nyumba, shati limelowa. Nikamwambia yote mbele ya mama. Akacheka.
"Miaka yote mafuta hayakuwepo. Yamerudi dukani, ndo unaninyima?"
Kisha akakaa juu ya jiwe. Mama hakunitazama. Nina aibu.

Jumapili, 24 Agosti
Nimerudi. Wambura kakubali kuja kliniki kila mwezi. Mama kanifungia samli ya safari, nimeipokea.
Jioni nimemwogesha binti yangu Bhoke. Nikapapasa visigino vyake. Laini.
Kisha vyangu. Cha kushoto kina kitu kigumu, kama punje ya mtama.
Kesho naenda kazini bila chai.