Wanawake Sita Nje ya Geti

Jumapili ya pili ya Julai, Ruiru. Baridi imekataa kutoka tangu Jumatano na nguo nilizofua bado zinatoa maji. Mikono yangu inanuka dawa za picha hata baada ya kuoga mara mbili. Sijali. Leo najisifu, na anayeona nimezidi afunge hii blogu akasome ya mtu mwingine.

Nimetengeneza picha kubwa.

Sio kubwa ya maneno tu. Ukiipima kwa mkono wangu, inaanza karibu na bega na kuishia kwenye vidole. Nimeitoa kwa filamu, kwa mwanga na dawa, bafuni mwangu hapa hapa kwa ploti ya wapangaji, na kompyuta haikuigusa hata kidogo.

Wacha nieleze kwa nini nilijisumbua hivyo. Mama yangu anaishi Landless, Thika, kwa nyumba ile ile aliyokodi alipotoka Bungoma akiwa msichana na kupata kazi ya kukata mananasi kiwandani. Ana picha moja tu ya miaka hiyo. Wanawake sita wamesimama nje ya geti la kiwanda wakiwa na aproni, vitambaa vya kichwa na gambuti za mpira. Aliyewapiga ni mpiga picha wa barabarani, na siku hizo ukilipa ulipewa picha yako pamoja na filamu yake, ile ambayo nyeupe inaonekana nyeusi na nyeusi nyeupe. Mama aliweka vyote kwa bahasha moja ndani ya Biblia.

Picha yenyewe inaenea kwenye kiganja. Na Mama ana presha ya macho.

Daktari alituambia wazi kwamba yale matone yatalinda macho yaliyobaki, lakini yaliyoenda hayarudi. Mwezi wa tano niliingia kwake bila kubisha nikampata amesimama dirishani na ile picha mkononi. Alikuwa anaiangalia kwa makini sana. Alikuwa ameishika juu chini, wale wanawake wote miguu juu, na hakujua. Nilimwamkia, nikaichukua kama mtu anayetaka kuiona pia, nikaigeuza, nikamrudishia. Niliporudi Ruiru nililia nikiosha vyombo.

Kwanza nilijaribu njia rahisi. Niliipeleka kwa cyber fulani, wakaiskani na kuikuza. Picha ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa miaka yote hiyo, kwa hivyo kilichokuzwa ni mikunjo. Nyuso zilitoka kama uji. Mama aliipokea kwa heshima, akasema, "Ni nzuri," akaisukuma nyuma ya kochi.

Lakini filamu ilikuwa haijakunjwa hata siku moja.

Mimi kazi yangu ni maabara ya shule ya upili. Napanga chupa, naosha mirija, nawaambia wanafunzi wasionje kitu. Picha ni ugonjwa wangu wa wikendi. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mashine ya kukuzia kutoka kwa mzee aliyekuwa anafunga studio yake Thika. Unaweka filamu juu, taa inapita ndani yake, picha inaangukia karatasi iliyo chini. Ukiinua kichwa cha mashine, picha inakua. Mpaka sasa nilikuwa natengeneza zile ndogo za ukubwa wa daftari. Yule mzee alikuwa amenipa pia karatasi nne kubwa zilizobaki kwa pakiti yake. Nilikuwa naziogopa. Zikiisha sijui nyingine nitatoa wapi.

Karatasi kubwa haiingii kwa trei yoyote niliyo nayo. Kwa hivyo nilinunua gata ya plastiki, ile ya kukinga maji ya mvua kwa paa, nikaikata vipande vitatu na kuziba ncha. Cha kwanza dawa ya kutokeza picha, cha pili ya kusimamisha, cha tatu ya kukazia. Karatasi unaikunja kama mkeka na kuiviringisha mbele na nyuma ndani ya dawa bila kupumzika. Kichwa cha mashine nilikigeuza kitazame sakafuni, nikaweka mtungi wa lita ishirini kwa kiti chake isianguke. Dirisha nikaliziba kwa blanketi mbili na nailoni nyeusi. Nikawasha taa nyekundu.

Jana asubuhi nilikata karatasi moja vipande vidogo vya majaribio. Jaribio likaniambia sekunde arobaini. Nikapika chai, nikanywa kwa raha, nikarudi kufanya kazi yenyewe.

Ilitoka nyeusi. Wanawake sita kwenye makaa.

Nikajilaumu. Nikasema nimehesabu vibaya. Nikapunguza sekunde, nikaweka karatasi ya pili. Hiyo ikatoka hafifu, unaona aproni lakini nyuso hazipo kabisa. Nikakaa juu ya ndoo bafuni nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Karatasi mbili zimeenda. Imebaki moja, na macho ya Mama hayanisubiri.

Ni pale juu ya ndoo ndipo nikaona. Chini yetu kuna fundi wa kuchomelea, Kariuki, na kando yake kuna mashine ya kusaga unga. Kariuki akichomelea, taa yangu inafifia kidogo. Akiacha, inapata nguvu. Nimeishi hapa miaka sita na nimezoea hata siioni tena. Jaribio nililifanya akiwa kazini. Karatasi ya kwanza niliimulika akiwa ameenda kula. Ya pili akiwa amerudi. Mimi mtu wa maabara, ninayewapigia wanafunzi kelele wahakikishe kila kitu kiko sawa kabla ya kupima, nimepima kwa stima ya kupanda na kushuka.

Nilishuka na aproni yangu ya plastiki na glavu.

"Fundi, tafadhali simamisha mashine kidogo. Kama dakika kumi na tano hivi."

Akainua ile ngao ya uso. "Kwani madam, umenunua stima ya ploti yote?"

Nikamweleza. Macho ya Mama, karatasi moja, taa. Nilieleza vibaya, nilikuwa karibu kulia, na nilichukia kwamba anaona.

"Hii geti ya mteja inatakiwa leo," akasema. Kisha akazima mashine, akaenda mpaka kwa yule wa kusaga, wakaongea Kikuyu kidogo, na posho mill nayo ikanyamaza. Nilipokuwa napanda ngazi nilisikia mama mmoja mwenye debe la mahindi akiuliza ni nani amekufa.

Sijawahi kusikia hii ploti ikiwa kimya mchana wa Jumamosi.

Nikafanya jaribio jipya kwa kipande cha mwisho. Sekunde thelathini na moja. Nikaweka karatasi sakafuni, nikaibana kwa rula nne za chuma, nikashusha pumzi, nikawasha. Kwa sekunde tisa za kwanza nilitia mkono wangu ndani ya mwanga na kuutikisa polepole juu ya uso wa Mama, kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kimeutia kivuli na sikutaka uwe mweusi. Halafu nikazima, nikaviringisha karatasi ndani ya gata na kuanza kuhesabu. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Geti la kiwanda ndilo lilitokea kwanza. Kisha aproni. Kisha meno, kwa sababu wote sita walikuwa wanacheka.

Nilimwona mama yangu akiwa na miaka ishirini na mbili, mashavu yamejaa, akiniangalia kutoka kwa gata ya mvua. Nilipiga magoti pale kwa maji na sikuona aibu.

Kariuki hakuwasha mashine mpaka nilipotoka nje kumwambia nimemaliza. Zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano.

Leo baada ya kanisa niliipeleka Landless ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba. Nikaibandika ukutani karibu na dirisha na kumwita Mama asogee. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akaweka kidole.

"Nafula," akasema. "Njeri. Mueni. Mama Halima. Wairimu. Na huyu ni mimi."

Wote sita, kwa mpangilio, bila kukosea. Ningefurahi. Badala yake niliingiwa na shaka, kwa sababu mpangilio huo hata mimi naujua. Amenisomea tangu nikiwa mtoto. Angeweza kutaja hayo majina akiwa amefumba macho, na nikajua vizuri kwamba Mama anaweza kudanganya ili nisiumie. Alisema ile ya cyber ni nzuri pia.

Sikumuuliza. Nilianza kuongea juu ya chai.

"Ngoja kwanza," akasema.

Kidole kilikuwa kimeshuka. Kilikuwa kwa miguu ya Wairimu, rafiki yake aliyestaafu naye mwaka mmoja na anayeishi hatua chache kutoka hapo. Akasogeza jicho lake la kulia, lile bora, akalikodoa.

"Nekesa, hapa kwa gambuti kuna nini?"

Nikaangalia. Kulikuwa na alama ndogo nyeupe juu ya gambuti ya kushoto. Nilikuwa nimeiona jana. Nilidhani ni vumbi, kwa sababu vumbi likikaa kwa filamu hutokea jeupe, na nilikuwa tayari nimetoa brashi na wino niifiche. Usingizi ndio ulinishinda.

"Ni msalaba," akasema Mama. "Huo ni msalaba wangu. Niliuchora na rangi ya dirisha, gambuti zote zilikuwa zinafanana. Zilipotea chumba cha kubadilishia nguo na nikaenda kazi wiki mbili na raba za kitambaa. Maji ya mananasi yalinila vidole mpaka nikashindwa kutembea, na huyu Wairimu ndiye alikuwa ananipaka mafuta akinipa pole."

Hakuna mtu amewahi kunisimulia hiyo. Yeye mwenyewe hakujua mpaka leo ni nani alizichukua. Isingetoka kwa kumbukumbu, kwa sababu haikuwa humo. Ilitoka ukutani, kwa karatasi yangu ya mwisho, na akaisoma.

Mama anaona.

Nilitoka nje nikajifanya naanika kitambaa. Niliporudi alikuwa ameshapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini na mbili.

"Wairimu, kumbe ulikuwa ni wewe. Gambuti zangu. Usiniulize nimeambiwa na nani, sijaambiwa na mtu. Nakuona hapa umesimama nazo. Unacheka hata."

Kisha akasikiliza, na mabega yake yakaanza kutikisika, na nikasikia Wairimu naye upande ule amezidiwa na kicheko hadi anakohoa.

Wairimu anakuja Jumamosi kujitetea. Mama amesema hatakubali neno lake hata moja kabla hajasimamishwa mbele ya ile picha.