Mkono wa Mwisho Kugusa

Papa,

Amahoro, amani iwe nawe huko uliko. Ni mimi, Espérance wako. Siku hizi nakaa kiti cha upande wa kulia katika ndege ndogo inayobeba abiria kutoka Bujumbura. Mimi ni rubani msaidizi, kazi ambayo wewe ulishawatangazia watu wote wa bandari ya Rumonge kwamba nimeipata, hata kabla sijamaliza masomo. Nakuandikia kwa sababu kuna swali linanizunguka kichwani, na ni wewe tu ambaye ungeacha chai ipoe ukinisikiliza.

Wiki iliyopita, mchana, ndege yetu iliingia kwa mafundi kati ya safari mbili. Gurudumu la mbele lilikuwa na tatizo. Fundi wetu anaitwa Égide, mwanamume mpole wa Bugarama ambaye hata akikasirika anasema murakoze, asante. Alivuta kitufe kimoja cha fyuzi nyuma ya kiti cha rubani, kukata umeme wa honi ili isimpigie kelele akiwa kazini. Honi hiyo hulia rubani anapopunguza nguvu za injini ili atue huku magurudumu hayajashuka. Égide akamaliza gurudumu, akaandika kwamba limepona, akaitwa kwenye ndege nyingine. Kitufe kikabaki vilevile, kimevutwa.

Nasi tulisoma orodha yetu ya ukaguzi neno kwa neno. Rubani mkuu anauliza, mimi najibu huku nikigusa kila kitu kwa kidole. Hatukuruka mstari hata mmoja. Ila fyuzi tunaziangalia asubuhi tu, kabla ya safari ya kwanza. Mchana tunasoma orodha fupi, na orodha fupi inaamini kwamba tangu tushuke sisi hakuna mtu mwingine aliyeingia humo.

Tukiwa tunashuka juu ya ziwa, rubani mkuu akapunguza nguvu mapema kidogo, magurudumu yakiwa bado juu. Hapo honi huwa inalia, naye hucheka na kusema imemwamkia. Siku hiyo haikulia. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifumba macho kwa mkono wako unaonuka petroli, moteri ya mtu ikinguruma mbele yetu: "Mutoto, sikiliza kwanza. Iko nini inakosa?" Nikamwambia rubani mkuu honi iko kimya. Tukashusha magurudumu, tukahakikisha taa zake zote zimewaka, tukatua salama. Abiria walishuka wakilalamikia joto.

Sasa wakubwa wanataka kumfukuza Égide. Jumatatu nimeitwa kutoa maelezo, na wameshanidokeza kwamba nikisema orodha ilisomwa yote, inatosha. Ni kweli ilisomwa yote. Hilo ndilo linalonishangaza. Karatasi yake yeye ilimuuliza gurudumu, haikumuuliza kitufe. Yetu ilituuliza tulivyogusa sisi. Kitufe kilikaa katikati ya karatasi mbili nzuri, hakina mwenyewe.

Papa, ukiona nimefika hapa unajua nakwenda wapi.

Kwenu mafundi wa moteri za boti ilikuwa desturi: moteri ikitengenezwa, fundi aliyeitengeneza anapanda safari ya kwanza. Mwenye boti hakubali kuondoka bila yeye, na wewe hukuwahi kuona ni adhabu. Ulikuwa unavaa shati safi. Mkifika mbali na ufuko unaizima, unasikiliza, unaiwasha tena. Siku ile ya mwisho moteri yako haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa chini, nyuma ya boti, penye tundu la kutolea maji ya mvua. Salvator, yule wa Minago anayeziba nyufa kwa pamba na lami, alikuwa ametoa kizibo boti ilipokuwa mchangani. Wakati mnakimbia, maji hayakupata nafasi ya kuingia. Uliposimama kusikiliza, yakaingia chini ya nyavu mlizozirundika, na nyuma tayari kulikuwa na uzito wa moteri. Mwenye boti alishika bidoni tupu la petroli, akaelea nalo. Wewe hukupata kitu cha kushika.

Nimekukasirikia kwa kusimama pale. Sasa nataka kujua tu.

Basi juzi nilipanda pikipiki hadi Minago. Mama hajui. Tangu tukuzike, akimwona Salvator sokoni anavuka barabara, na unga wa muhogo wa mke wake hatujaula tena. Nilimkuta anapasha lami. Aliponiona akaweka kopo chini, akasimama kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikamwamkia, nikamuuliza siku ile aliambiwa nini.

Alisukuma kuni nje ya moto. Halafu akasema: "Niliambiwa boti italala pale mpaka ikauke. Hakuna mutu aliniambia moteri imepona. Nilienda kutafuta pamba. Nikarudia pale, boti haiko." Akajifuta uso kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na lami. "Miaka hii yote watu wananiambia tu. Hakuna mwenye alikuwa ananiuliza."

Nililia, Papa. Yeye pia. Tulikaa juu ya boti ya mtu iliyopinduliwa, tukawaza pamoja nani angepaswa kumwambia nani. Wewe ulikuja na moteri, yeye alikuwa na mbao, mwenye boti alikuwa na haraka. Tulitafuta mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza, tukamkosa.

Jumatatu nitawaeleza hivyo wakubwa, hata wakininunia. Nitawaomba tuwe na mstari mmoja zaidi: ndege ikitoka kwa fundi, hata mchana, tunaanza orodha ndefu upya, na fundi anakuja mlangoni kutuambia kwa mdomo wake amegusa nini. Wakikataa, nakuahidi nitashuka mwenyewe kumtafuta, abiria wasubiri.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumapili. Nimemwomba Salvator aje nyumbani baada ya misa, amekubali. Mama atakasirika, huenda hata asitoke chumbani. Nitamtengea Salvator kiti ndani, si barazani. Nitakaa kati yao, nimwombe Mama amuulize mwenyewe.

Pumzika, Papa. Hukusahau kitu.

Binti yako,
Espérance