Soksi, Mhusika Asiyesikika

Kwa mdogo wangu Profesa,

Nakusalimu sana, na natumaini barua hii itakukuta u mzima, kifua kimetulia na mitihani haikunyimi usingizi. Huku nyumbani hatujambo. Mama hajambo pia, ila goti linamsumbua akipanda ngazi, na analalamika kwamba ukipiga simu unaongea kama mtu anayekimbizwa. Nimemtetea nikamwambia ndivyo wasomi walivyo. Hakuridhika.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Siku hizi simu siiamini. Kazini mtu akishika simu tu, wenzake wanamtazama vidole. Ndiyo maana barua hii nimempa shangazi akukabidhi mkononi, na bahasha nimeibandika gundi mara mbili. Ukiona imefunguliwa, niambie. Na tafadhali isome ukiwa peke yako.

Unakumbuka mwezi wa tatu nilipokupigia kukuuliza habari za ule mchezo wenu wa mezani, ule wa kusimulia safari za mapangoni na mazimwi, kila mtu na mhusika wake, dadu zikiamua nani kapona na nani kaumia? Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulinikumbusha miaka yote uliyonibembeleza nicheze nikakuita mtoto. Nikakueleza kwamba pale kwetu kwenye kiwanda cha uchapaji kuna watu watatu wanaoucheza kila Jumamosi saa saba mchana, kazi ikiisha, ndani ya stoo ya karatasi, na kwamba nataka kujiunga nao na mhusika asiyeonekana. Uliniuliza asionekane na maadui au na wenzake. Nikajibu, na wote. Ukasema hilo ni ombi la ajabu kwa mtu anayeanza, lakini niliisikia sauti yako ikichangamka.

Ulinitengenezea kitu kizuri, mdogo wangu. Ulisema tuanze na fani ya mwizi, ngazi tatu kamili, nisiwe na pupa ya kuchanganya fani mapema nikaishia kuwa si huku si kule. Halafu ngazi mbili za mwindaji wa msituni, nipate macho ya gizani na ujuzi wa kufuata nyayo. Pointi nyingi tukaziweka kwenye wepesi, nguvu tukaziacha. Koti la ngozi, si la chuma, kwa sababu chuma kinapiga kelele. Ukanifundisha na lile pigo la kushtukiza, linaloumiza zaidi pale adui anapokuwa amemgeukia mwenzako. Tukamwita Soksi, kwa kuwa anatembea kama aliyevua viatu mlangoni.

Sasa nikujulishe watu wa ile meza. Msimulizi ni Mzee Gundi, mjalidi wetu wa vitabu, mtu wa miwani minene ambaye vidole vyake havijawahi kutakata. Wino ni fundi wa mashine kubwa ya kuchapia. Yeye anacheza shujaa wa shoka, na kila dadu ikianguka lazima ahesabiwe jumla na mtu mwingine. Wa tatu ni dada mmoja anayeendesha mashine ya kukatia karatasi. Tunamwita Mkasi. Mhusika wake ni mganga, na anawatibu wenzake huku akiwagombeza kama wauguzi wa kweli.

Walinipokea vizuri. Jumamosi ya tatu tulikwama nje ya ngome, na walinzi walikuwa wamejaa ukutani. Soksi akapanda ukuta peke yake, akampita mlinzi wa kwanza, akampita wa pili, na kila nilipotupa dadu ilikubali. Nilipolifungua lango kwa ndani, Mkasi aliruka kutoka kwenye boksi alilokalia akanikumbatia. Na mimi nilipiga kelele za furaha, mimi ambaye nilikuwa nakuita mtoto.

Lakini kati ya zamu na zamu watu wanaongea. Ile mashine ya Mkasi haina kinga. Kinga ya kisu ilivunjika mwaka jana, haikurudishwa, na mwezi wa kumi na moja kisu kilimkata ncha ya kidole. Mkasi alikuwa amechoka kuomba. Basi siku moja, juu ya karatasi yetu ya ramani, aliandika rasimu ya barua kwa wakaguzi wa kazi, akatusomea kwa sauti ya chini. Sentensi ya tatu naikumbuka hata sasa: "Tunaombwa tufanye haraka, lakini hatuombwi turudi nyumbani na mikono yetu." Wino alisema ni sentensi ya kitabu. Walikubaliana waipeleke Jumatatu.

Jumatatu asubuhi, kabla hata Mkasi hajafunga aproni, aliitwa ofisini. Alirudi baada ya dakika kumi akiwa amebeba viatu vyake vya kazi. Msimamizi alimwambia mkataba wake hauendelei, akamsomea sentensi ile ya tatu, neno kwa neno, kisha akamuuliza kama bado anayo haraka. Na kwenye ile mashine, siku hiyohiyo, akawekwa Mzee Gundi. Mzee ambaye akitaka kusoma namba za dadu anazisogeza mpaka puani.

Tangu hapo, Profesa, hewa ya pale ilibadilika. Mtu anaingia chooni, mwingine anahesabu amekaa muda gani. Ukicheka na mtu wa ofisini, umeshaandikwa. Jumamosi iliyofuata tulikaa watatu stooni na mlango tukauacha wazi, kila mmoja akitaka kuona nani anapita. Chai ilipoa hakuna aliyeigusa. Shemeji yake Wino ndiye dereva wa msimamizi, na hilo lilitosha. Kila Wino alipotupa dadu, Mzee Gundi aliiokota na kuikagua.

Mwishowe Wino akamuuliza, "Mzee, unanishuku?"

Mzee akasema anamshuku kila mtu, hata yeye mwenyewe, huenda aliongea usingizini.

Wino akanigeukia. "Na wewe?"

Nikajibu kwamba sijui, lakini juzi nilimwona akiongea na dereva kwa muda mrefu.

Alinitazama. Aliikunja karatasi ya mhusika wake mara nne, akaiweka mezani, akatoka. Mzee Gundi alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Sikumwita Wino arudi.

Mdogo wangu, nimezunguka vya kutosha. Aliyemwambia msimamizi ni mimi.

Mwezi wa pili aliniita ofisini akanisifu kwamba nina masikio matulivu. Alisema stooni kuna watu wanapanga jambo, nikakae nao tu, nisikie. Aliniahidi dawati la mapokezi. Nimesimama kwenye meza ya kukunja karatasi miaka minane, miguu unaijua ilivyo, nikajiambia kusikiliza si dhambi. Kwa hiyo nilipokupigia, sikutaka mchezo. Nilitaka njia ya kuingilia, na wewe ukanipa kwa moyo mmoja. Ile Jumamosi ya barua nilitoka stooni nikaenda moja kwa moja ofisini. Hata sentensi ya tatu nilimpa mimi, tena nikijivunia kumbukumbu yangu.

Kilichonivunja ni mikono ya Mzee Gundi. Wiki mbili niliitazama ikiingia chini ya kisu na kutoka, kuingia na kutoka, na dawati la mapokezi nilikuwa bado sijalikalia. Jumamosi iliyopita niliwaomba wote waje stooni, Mkasi na Wino pia. Niliwaambia nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, Mzee Gundi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu mno. Mkasi aliniuliza jambo moja tu: siku ile ya lango, zile kelele za furaha zilikuwa za kweli? Nikasema zilikuwa za kweli.

"Hiyo ndiyo inayoniuma," akasema.

Wino nilimfuata mpaka getini nikamwomba radhi peke yake. Alinijibu kwamba atanisalimia, kwa kuwa mji ni mmoja na njia ni moja, lakini zaidi ya salamu nisimdai kitu.

Jumatatu niliinakili ile barua kwa mkono wangu, nikaongeza ukurasa mzima kuhusu namna nilivyotumwa, nikaweka sahihi yangu juu kabisa, nikaipeleka kwa wakaguzi mwenyewe. Walikuja Jumatano. Mashine imefungwa kwa utepe mwekundu mpaka kinga irudi, na Mzee Gundi yuko kwenye majalada yake. Mimi nimesimamishwa kazi. Shauri la Mkasi litasikilizwa Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi, na shahidi ni mimi. Mkasi amekubali nije. Amesema hanitaki, ila ananihitaji.

Wewe pia nimekukosea. Kitu unachokipenda tangu utotoni nilikichukua nikakifanyia kazi chafu, halafu nikakuacha ufurahi. Sikuombi unijibu haraka. Ukiwa na hasira, kaa nayo kwanza. Mama anadhani niko likizo. Nitamweleza mwenyewe Jumapili, usinitangulie.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, na umwambie yule paka wenu asilale kwenye vitabu. Kula vizuri, vaa sweta. Alhamisi saa tatu, popote utakapokuwa, uniombee sauti isikatike, maana nitaulizwa mbele ya watu wote mimi ni nani kwa Mkasi, na mpaka sasa sijapata neno.

Wako katika damu,
Dada yako mkubwa