Uyoga wa Columbus

Beechmont, Louisville

Mdogo wangu Birindwa,

Wengi hukosea wakidhani dawa niliyopewa Columbus hufanya kazi peke yake. Mke wangu Dative aliposikia kwamba madaktari wa huko wananijaribia dawa ya maumivu ya mgongo itokayo kwenye uyoga, alicheka: "Uyoga? Si ningekupikia hapa, na mawese?"

Nilimeza kidonge kimoja, nikalala, wauguzi wawili wakiwa kando yangu. Nililia, nikacheka, nikamwona marehemu mama akitwanga mihogo. Lakini kazi kubwa ilikuwa mazungumzo ya kabla na baada. Huko ndiko nilikokiri mbele ya Dative kwamba kwa miaka minne nilificha vidonge vya maumivu ndani ya mkoba wa Biblia, na kuviacha nilishindwa.

Mgongo bado unauma kidogo, ila siutumikii tena, na vile vidonge nimeviacha. Jumapili nilipeleka sadaka nikicheza, na wajukuu wakanipiga picha.

Mkeo, shemeji Gracieuse, alinipigia simu kutoka huko kwenu Buffalo. Kwa jinsi unavyojificha tangu uumie ghalani, anadhani una mwanamke mwingine. Mimi naijua siri ya namna hiyo: ni vidonge, kama vyangu. Usitafute uyoga mtaani. Nitakuulizia kwa madaktari. Leo, kabla hujaenda kazini, mwonyeshe mkeo vidonge ulivyoficha.

Kaka yako anayecheza,
Bagula